Chupa Niliyoikana

Msomaji mmoja wa Mulanda ameniandikia barua kupitia kwa mhariri. Anasema akinikuta njiani atanicharaza bakora, na kwamba mwanamume kama mimi hafai kushika hata mwiko. Ndugu yangu, ahsante. Ila hiyo bakora itie mafuta uiweke kwanza, maana uliyoyasoma wiki jana yalikuwa nusu tu ya upumbavu wangu.

Kwa aliyepitwa, nitasema kwa ufupi, halafu asiniulize tena.

Mimi ni Patroba, Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Mwaka wa sitini na tano nilikuwa mpishi wa Bwana Koradi, Mwitaliano msimamizi wa barabara, huko Tororo, Uganda, katika nyumba inayotazama mwamba mkubwa wa mji ule. Bwana yule hakuwa mtu wa nyama. Alichotaka ni supu ya mboga ya kwao, nzito, ya maharage na kabichi na makaroni, ambayo mama yake aliipika kila Jumapili. Kijiko kisiposimama chenyewe ndani ya bakuli, kwake hiyo si supu. Tena alikuwa na sheria moja: kisiingie kitu katika sufuria ambacho yeye hakukitaja.

Maharage yangu yalitoka magumu kama kokoto za barabara yake. Siku moja alichukua sufuria nzima akaimwaga kwenye maua.

Aliyeniokoa ni mke wangu, Felistus. Alitia munyu kijiko kimoja. Mtu wa kwetu sina haja ya kumweleza, lakini gazeti hili linafika mpaka pwani, basi nieleze: unachoma maganda makavu ya maharage, majivu yake unayatia katika chungu chenye matundu, unamimina maji, yanayotona chini ndiyo munyu. Rangi yake kama chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Hakuna jiko la Msamia, la Mjopadhola wala la Mteso lisilo nao.

Maharage yakalainika. Bwana akala, akafuta machozi, akauliza nani amepika. Nikasema mimi. Miaka miwili nikawa nasema mimi.

Ndipo mke wake, Sinyora, akaja kutoka Italia. Akala ile supu, akatapika. Bwana akapekua jiko, akakuta chupa ya munyu nyuma ya debe la unga. Akainyanyua, akaniuliza ni nini. Felistus alikuwa amesimama mlangoni.

Nikasema, "Sijui, Bwana. Labda mwanamke anajua."

Hapo ndipo niliwaacha.

Sasa tuendelee. Felistus alinitazama, akangoja, kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kupiga chafya ndipo waendelee na mazungumzo. Mimi nikatazama sakafu.

Bwana akamgeukia Ofwono, mtunza bustani, aliyekuwa amekuja na vitunguu mkononi.

"Wewe jua hii nini?"

Ofwono ni Mjopadhola. Chupa kama ile mke wake anayo, tena kubwa zaidi. Akaitazama chupa, akanitazama mimi, akakohoa.

"Mimi iko mtu ya maua, Bwana. Mambo ya jiko, uliza mwenye jiko."

Mwenye jiko nilikuwa mimi, nami nilikuwa nimekwisha kusema.

Bwana akamwaga munyu wote kwenye karai, akaitupa chupa juu ya meza. "Huyu mwanamke kwenda. Leo."

Felistus akaingia, akapita mbele ya Bwana kwa heshima zote, akaichukua ile chupa tupu, akatoka nayo. Hakuna aliyemzuia.

Nikamfuata mpaka chumbani kwetu, nyuma ya nyumba. Alikuwa tayari ameanza kukunja nguo zake ndani ya beseni.

"Felistus, ni kazi tu hii. Hasira za mzungu hazikai. Nitakuja kukuchukua."

"Unajua watasema nini nyumbani?"

"Watasema umekosana na mzungu."

"Watasema nimetia kitu katika chakula cha watu."

Nyinyi mnaojua kwetu mnaelewa alichosema. Mwanamke akishasemwa hivyo, amekwisha. Haombwi chumvi, mtoto hatumwi kwake, na matangani anaambiwa akae mbali na masufuria. Atapika maisha yake yote na hakuna atakayekula.

"Nani alikufundisha kulainisha maharage, Patroba?" akaniuliza.

Akajitwika beseni, akaenda zake. Nilisimama dirishani nikamwona akishuka kuelekea stesheni ya magari, nami nikarudi jikoni kuosha sufuria.

Siku ya tatu akaletwa daktari. Akakaa na Sinyora robo saa, akatoka anacheka. Sinyora hakuwa na sumu. Alikuwa na mimba ya miezi miwili.

Bwana alicheka mpaka akakaa chini. Akanishika mikono yote miwili. "Patroba, wewe hapana kosa. Supu hapana kosa."

Msomaji wa Mulanda, hapa ndipo uishike ile bakora vizuri. Bwana alipotoka kumsindikiza daktari, Sinyora, ambaye Kiswahili chake kilikuwa maneno kumi tu, akakusanya manne akaniuliza, "Na mwanamke yako, wapi?"

Mlango ulikuwa wazi. Ningesema tu, "Mmemfukuza bure, Sinyora, na mimi ndiye niliyewaachia mkamfukuza." Ningekwenda Busia jioni ile ile nikarudi naye.

Nikasema, "Amekwenda kumwona mama yake. Mama anaumwa."

"Pole," akasema Sinyora. Akaridhika, na jambo likazikwa.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu dakika tano kabla, Bwana alikuwa amenipa habari nyingine. Barabara yake inakaribia kwisha, yeye anarudi kwao. Lakini iko hoteli pale karibu na reli, meneja wake ni rafiki yake, na anatafuta mpishi mkuu. Mpishi mkuu, mimi, wa kuvaa kofia ndefu nyeupe, na wapishi wengine chini yangu. Meneja angekuja kula Jumapili ya wiki ile inayofuata. "Yeye taka kula ile supu tu," Bwana alisema. "Wewe fanya kama siku zote."

Kama siku zote. Nikaenda jikoni, nikafungua kabati, na hapo ndipo akili ilinirudia: chupa haipo, na aliyekuwa akiijaza hayupo.

Nikapiga moyo konde, nikavuka bustani mpaka kwa Akongo, mke wa Ofwono. Alikuwa anapepeta ulezi.

"Shemeji, hujambo. Naomba munyu kidogo."

Hakuinua uso. "Munyu ya nini?"

"Ya maharage."

"Wewe si ulisema hujui hii kitu? Ofwono nasikia na masikio yake." Akaendelea kupepeta. "Mtu hajui kitu, mimi nampa namna gani?"

Nikajitia kucheka. Yeye hakucheka. Nikaenda mlango wa pili, kwa Amulen, Mteso, mke wa mlinzi. Amulen aliniona nikija akafunga mlango. Mlango wa tatu waliniambia umekwisha, na chungu kinatona pale pale mbele ya macho yangu.

Basi nikajitengenezea mwenyewe. Nimelelewa na munyu, nikajiambia, nitashindwaje kuutengeneza. Nikachoma maganda nyuma ya ghala, nikachuja, nikatia vijiko vitatu ili niwe na hakika. Supu ile ilitoka na povu. Ladha yake sabuni ya kufulia, na viazi viliteleza kama kamasi. Niliimwaga kabla Bwana hajarudi kutoka kazini, nikampa nyingine isiyo na munyu, maharage yake magumu.

Siku ya Alhamisi nikaomba ruhusa. Nikamwambia Bwana nakwenda Busia kutafuta maharage mazuri kwa ajili ya mgeni.

"Vizuri," akasema. "Jumamosi mimi pitia Busia na meneja, kuangalia barabara mpaka ng'ambo. Saa kumi chukua wewe na gari. Nyumba wapi?"

Nikamwelekeza nyumba ya baba mkwe wangu, ya pili baada ya kanisa.

Niseme ukweli, maana hii ni karatasi ya kuungama na nimekwisha kujivua nguo mbele yenu. Sikwenda Busia kwa ajili ya mke. Nilikwenda kwa ajili ya chupa.

Ijumaa nikafunga vitu vya supu katika kikapu, ili niujaribu munyu huko huko, nikapanda lori la kokoto mpaka Busia, nikavuka mpaka kwa miguu, nikabebwa kwa baiskeli hadi kanisani. Habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Wale kina mama wanaovuka kila siku na ndizi na samaki hawabebi ndizi na samaki tu.

Baba mkwe, mzee Oguttu, alinipokea uani. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache. Akanipa kiti.

"Umekuja kwa heri, mkwe?"

"Nimemfuata mke wangu, baba."

"Mke wako yupo. Anapika chungu chake, anakula na mama yake. Mildred, mke wa mwanangu, hamwombi hata kijinga cha moto. Juzi tulikuwa na matanga hapo jirani, akaambiwa asisogelee masufuria. Binti yangu, Patroba. Niliyemtoa kanisani nikakukabidhi."

Uso ukanishuka. "Nitaongea na majirani, baba. Niwaeleze ilikuwa bahati mbaya tu."

Sauti ikatoka nyuma yangu. "Hataongea. Atapika."

Ilikuwa Felistus. Alikuwa amekonda kidogo, lakini amesimama wima.

"Apike ile supu iliyonifukuza. Kesho, hapa uani, mchana, majirani wote wakiwepo. Waone kila kinachoingia na kila anayekitia."

"Felistus," nikasema polepole, "mimi ni mkwe hapa. Mkwe anapikaje uani kwa wakwe zake? Na mama yumo ndani?"

Nimfahamishe asiyejua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Miaka minne nimemwoa Felistus, sikuwa nimewahi kuuona uso wa mama yake. Namjua kwa kikohozi na kwa kitambaa chake cha kichwa kikipotea nyuma ya ukuta. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Siku mama mkwe atakapokuja mbele yako akutazame usoni kwa makusudi, ujue amekwisha kukutoa, hana mkwe. Sasa mimi niiname juu ya moto, nikune sufuria, mama huyo akinisikia kutoka jikoni kwake?

"Si wewe mpishi?" Felistus akasema.

Mzee Oguttu akatazama ardhi, kisha akainua kichwa. "Utapika, mkwe."

Jumamosi asubuhi uani palijaa. Wazee wa kanisa, majirani, Mildred na mashoga zake, na wale kina mama wa ndizi na samaki ambao kazi yao walikuwa wameifanya vizuri. Nikawekewa mafiga matatu na sufuria kubwa ya harusi. Felistus akakaa kwenye kigoda, hatua tatu kutoka kwangu, mikono magotini. Miguuni pake palikuwa na ile chupa. Imejaa.

"Taja unachotia," akaniambia.

Nikatia mafuta. "Haya ni mafuta." Nikatia kitunguu. "Hiki ni kitunguu."

"Tunakiona," akasema bibi mmoja. "Tena anakikata vizuri kuliko mkwe wangu wa kike."

Wakacheka. Masikio yangu yakawaka moto. Nikatia karoti, nikatia majani ya seleri niliyokuja nayo kutoka bustani ya Bwana, nikageuza polepole mpaka vikalegea na kutoa harufu, maana hapo ndipo supu ile inapozaliwa na mtu hatakiwi kuharakisha. Nikatia nyanya. Nikatia viazi na kabichi. Nikatoa kitu nilichokifunga katika gazeti.

"Hili ni ganda la jibini."

Mzee Oguttu akalichukua, akalinusa, akalirudisha haraka. "Wazungu wanakula hili?"

"Linachemka tu humo ndani, baba. Linatoa utamu."

"Haya. Endelea. Mungu anakuona."

Kisha maharage. Felistus ndiye aliyeyatoa, na nilipoyaona nilijua amefanya makusudi. Maharage ya msimu wa juzi, yamekauka mpaka yanang'aa. Yalikuwa yamelowekwa usiku kucha na bado yalilia yalipogonga sufuria.

Nikachochea moto. Saa ikapita. Nyingine ikapita. Mboga zikaiva, maharage yakabaki vile vile. Mzee mmoja akaonja moja, akalitema juu ya mfuniko, likagonga *ta*.

Watu wakaanza kunong'ona. Jua lilikuwa limepita utosini. Nikafuta jasho, nikatazama chupa. Felistus hakuwa anaitazama chupa, alikuwa ananitazama mimi.

"Felistus, nipe hiyo."

"Hiyo nini?"

"Hiyo chupa."

"Sema ni nini, wakusikie. Ndipo uichukue."

Nikaweka mwiko chini.

"Ni munyu."

"Ule wa Tororo ulikuwa nini?"

"Munyu."

"Nani aliutia katika sufuria?"

"Wewe. Kwa sababu mimi nilikuomba."

"Mzungu alipokuuliza?"

"Nilisema sijui."

"Na ulijua?"

"Nilijua," nikasema. "Nimeujua tangu naanza kula. Yule mama wa kizungu hakulishwa kitu, alikuwa mjamzito. Felistus hakutia kitu kibaya katika chakula cha mtu yeyote. Mimi nilidanganya, nikamwacha afukuzwe."

Nilitazamia watanitemea mate. Hakuna aliyetema. Mama mmoja wa samaki akasema "Kumbe," akamsogelea Felistus, akakaa karibu naye chini. Ni hilo tu. Felistus akanipa chupa mwenyewe, akaninong'oneza, "Kijiko kimoja. Usijitie kujua."

Nikatia kijiko kimoja. Na hamtaamini, nilijisikia mwepesi. Nikajiambia, kumbe kuungama ni kitu rahisi namna hii. Ningalijua, ningaliungama mapema. Sikujiuliza kwa nini ni rahisi. Aibu ya nyumbani mtu anaweza kuikalia, watu wa nyumbani watakusema mwezi mmoja wakuache. Bwana hakuwepo pale, wala kofia ndefu nyeupe haikuwepo.

Maharage yakalainika. Nikatia makaroni, nikaipua, nikaiacha itulie. Felistus akachukua upawa. Yeye ndiye aliyepakua, bakuli baada ya bakuli, kwa mkono wake. La kwanza akampa baba yake.

Mzee Oguttu akavua kofia, akaomba, akala. Watu wote walikuwa wanamtazama koo. Akamaliza, akanyoosha bakuli.

"Niongeze, binti yangu."

Ndipo Mildred akainuka, akapokea la kwake kwa mikono miwili. Kisha wale mashoga zake. Kisha mama wa ndizi, wa samaki, wazee, watoto. Bakuli moja likaingizwa jikoni kwa mama mkwe, na baada ya muda nikasikia sauti yake kutoka ndani. Neno moja, la kwanza alilowahi kulisema nikasikia.

"Imeiva."

Felistus alikuwa analia na kupakua, anapakua na kulia, wala hafuti. Mimi nami macho yakanijaa. Nilimpenda sana saa ile, niseme hivyo tu, hata kama hamtaniamini.

Nikamsogelea. "Felistus, funga mzigo. Turudi."

"Bwana umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Leo. Anakuja saa kumi na gari. Nitamwambia hapa hapa, mbele yako."

Kisha akafuta mikono, akaingia ndani, na nilipochungulia nikaona anakunja nguo zake ndani ya lile beseni. Mzee Oguttu akanipiga bega. Hakuna siku nimewahi kuwa mtu mzima kama siku ile, kwa muda wa kama nusu saa hivi.

Honi ikalia barabarani.

Bwana Koradi akashuka na meneja wa hoteli, Mwingereza mrefu aliyevaa kaptura. Watu wakawapisha. Bwana alisikia harufu kabla hajafika kwenye mafiga. Akasimama.

"Patroba. Hii hapa? Nje?"

Hakungoja jibu. Akachukua kijiko, akakisimamisha katikati ya sufuria, akaondoa mkono. Kikasimama. Akacheka. Akaonja, akafinya harage kwa ulimi, akafumba macho. Akampa meneja kijiko. Meneja akaonja, akaonja tena, akakaa kwenye kigoda cha Felistus bila kukaribishwa, akaomba bakuli.

"Kesho hapana haja," akamwambia Bwana kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Mimi nimekula leo. Hii ndiyo."

Kisha Bwana akanigeukia. Felistus alikuwa ametoka ndani, beseni kichwani, amesimama kando yangu. Mzee Oguttu nyuma yake. Uani pote hakuna aliyetafuna.

"Maharage hii," Bwana akasema, "laini kama ya mama yangu. Kule Tororo ya juzi hapana laini. Nani nafanya laini hii?"

Sasa sikilizeni. Sikupanga. Nilikuwa nimefungua kinywa niseme jina lake, naapa, "Fe" ilikuwa tayari kwenye meno. Lakini swali lile nilikuwa nimelijibu kwa miaka miwili, kila siku ya supu, mikono nyuma na kichwa nimeinamisha kidogo. Na yule meneja alikuwa ananitazama, kijiko kiko hewani.

"Mimi, Bwana," nikasema.

Bwana akanipiga mgongoni. Meneja akainuka, akanipa mkono. "Panda gari," akasema. "Leo hii uone jiko lako."

Felistus akatua beseni. Hakulitupa, alilitua polepole, kama vyombo vimo. Akaokota chupa, akaifungua, akaumimina munyu wote uliobaki juu ya moto. Moto ukalia, moshi mweupe ukapanda kati yetu. Akanipa ile chupa mkononi.

"Jaza," akasema. "Si wewe unayelainisha?"

Mzee Oguttu akavaa kofia yake, akaenda kusimama mbali, akinipa mgongo.

Nikageuka kumtafuta mtu wa kumwambia lolote, na hapo nikaona pazia la jiko limefunguliwa. Mama mkwe alikuwa anakuja. Watu wakampisha wakiinamisha macho. Hakuwa na kitambaa kichwani. Akavuka uwanja wote taratibu, akapita mafiga, akaja akasimama mbele yangu hatua moja, akainua uso wake, akanitazama.

Ana jicho moja dogo kuliko lenzake, kama Felistus. Sikuwa nimejua.

Nyuma yangu Bwana alikuwa amenifungulia mlango wa gari. Akapiga honi.